Nimeangalia sehemu ya kwanza na sikucheka: tatizo ni mimi?

*"Niko Texas mwaka wa pili sasa, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa mpenzi mkubwa wa Young Sheldon, kwa hiyo ilipoanza Georgie & Mandy's First Marriage nilikaa na chai yangu kwa hamu. Sikucheka. Sura ni zile zile, lakini kuna watu wanacheka nyuma kila baada ya sentensi mbili mpaka kichwa kikaniuma. Binamu yangu anasema hivyo vicheko ni vya mashine na kwamba waliocheka walishakufa zamani. Nikajaribu St. Denis Medical kwa kuwa ni ya hospitali. Hiyo haina kicheko hata kimoja, na sikujua nicheke wapi. Nikasoma maoni ya watazamaji: huyu anaisifu, yule anataka ifutwe kesho. Kazini wenzangu wanazizungumza wakati wa mapumziko, mimi natabasamu tu. Nyumbani Nakuru tulikuwa tukicheka Vitimbi hadi machozi, kwa hiyo si kwamba sipendi vichekesho. Je, Kiingereza changu bado, ama vichekesho vyao si vyetu? Niendelee au niache?"*

Dada yangu, nimesoma barua yako mara mbili, na naona kinachokusumbua hasa si kipindi. Ni lile tabasamu la chumba cha mapumziko, la kucheka kwa kuchelewa baada ya kuwaangalia wengine kwanza. Kwa hiyo nianze na jibu ulilokuja kulitafuta: hapana, tatizo si wewe. Mimi kazi yangu ni skripti za vichekesho, kuziandika na kuwarekebishia wengine, na nakwambia sehemu ya kwanza ya komedi mpya huwaacha wakavu hata Wamarekani wenyewe. Kiingereza kina nafasi yake katika hili, nitakifikia, lakini ni nafasi ndogo kuliko unavyoiogopa.

Tuanze na wafu wa binamu yako, maana hadithi ile hakuitunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fundi wa sauti wa kituo cha televisheni cha CBS aitwaye Charles Douglass alitengeneza mashine yenye vitufe kama vya taipureta. Kitufe kimoja kilitoa kicheko cha mwanamke mmoja, kingine mguno wa watu wachache, kingine ukumbi mzima ukipasuka. Aliifunga kwa kufuli, akawa anazunguka nayo studio kwa studio akibandika vicheko kwenye vipindi vilivyopigwa bila hadhira. Kwa kuwa sauti zile zilirekodiwa mara moja na kutumika miaka na miaka, watu wakaanza kusema tunacheka na marehemu. Kwa vipindi vya enzi ile, usemi huo haukuwa mbali na ukweli.

Ila kuna ukoo wa pili, na Georgie & Mandy ni wa ukoo huo. Tarehe 15 Oktoba 1951 ilianza I Love Lucy, iliyopigwa kwa kamera tatu za filamu kwa wakati mmoja mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Mpaka leo utaratibu ni ule ule. Tiketi hutolewa bure, watu wanapanga foleni, wanaingia studio, na kuna mchekeshaji maalumu wa kuwachangamsha kati ya onyesho na onyesho wasipoe. Jioni ndefu ya kazi huzaa dakika kama 22 tu. Onyesho likipita na watu wakanyamaza, waandishi husogea pembeni, wananong'ona, wanampa mwigizaji sentensi mpya, na wote wanarudia. Baadaye chumba cha kuhariri kinapunguza kicheko hapa na kuongeza kidogo pale. Kwa hiyo unaowasikia ni watu wazima wenye pumzi zao, ingawa chungu kimetiwa viungo kabla ya kuletwa mezani.

Sasa kwa nini kichwa kilikuuma? Fuata ukoo wa akina Cooper, familia ya Sheldon na kaka yake Georgie. The Big Bang Theory, ya Sheldon akiwa mtu mzima, iliyoanza 2007, ilipigwa mbele ya hadhira. Young Sheldon, 2017 hadi 2024, ikaachana na hadhira kabisa: kamera moja kama filamu, kanisani, shuleni, barazani, na sauti ya Sheldon mtu mzima ikitusimulia. Halafu tarehe 17 Oktoba 2024 anatokea Georgie yule yule, mwigizaji yule yule Montana Jordan, lakini amerudishwa jukwaani mbele ya watu. Masikio yako yalikuwa yamezoea ukimya kwa misimu saba. Ni kama jirani uliyezoea kuongea naye kwa upole ukutani, leo ameshika kipaza sauti.

Ukitaka kuona ninachosema, rudia onyesho moja tu na usisikilize maneno. Tazama sofa ilipo: katikati, imetugeukia sisi. Wakikaa mezani, upande wa kwetu mara nyingi hauna mtu. Nyumba gani ya kweli watu wanabanana pande tatu za meza na kuuacha wa nne? Halafu mkazie macho mwigizaji mara tu baada ya kutoa sentensi yake. Ataugusa mlango asiufungue. Atainua kikombe kisifike mdomoni. Anasubiri watu wacheke waishe ndipo mwenzake ajibu, kwa sababu akijibu mapema, jibu litamezwa. Ukiangalia ukidhani ni filamu, vituo vile vinaudhi. Ukiangalia ukijua ni mchezo wa jukwaani, vinakaa mahali pake. Na hilo si geni kwako. Mzee Ojwang wa Vitimbi alikuwa akiingia tu, kabla hajafungua kinywa, sebule nzima ya Nakuru imeshaanguka. Yeye naye alijua kusubiri.

St. Denis Medical ni mnyama mwingine kabisa. Ilianza Novemba 2024 kwenye NBC, hospitali ya Oregon isiyo na fedha za kutosha, na inajifanya ni filamu ya kumbukumbu, kana kwamba kuna kundi la wapiga picha limeruhusiwa kuzunguka wodini. Hawana hadhira, hawana mashine. Kinachofanya kazi ya kicheko ni jicho. Joyce, yule mkuu wa hospitali anayeigizwa na Wendi McLendon-Covey, anajigamba juu ya jambo ambalo kila mtu anaona halipo. Muuguzi Alex anageuza macho kuelekea kamera nusu sekunde, anayarudisha. Hapo ndipo pa kucheka. Ukikosa lile jicho umekosa utani wote, hata kama umesikia kila neno.

Umewahi kukaa msibani, mzee mmoja akasema jambo la ajabu kwa sauti ya heshima, ukamtupia jicho dada yako, wote wawili mkainamisha vichwa haraka? Hiyo ndiyo St. Denis Medical. Kamera ni wewe, dada mwenyewe. Wanaotoka kwenye The Office, komedi ya ofisini iliyojifanya filamu ya kumbukumbu vile vile, hawahitaji kuambiwa, kwa kuwa walizoeshwa mchezo huo tangu 2005. Wewe uliingia mlango wa katikati.

(Ugomvi wa kicheko na hospitali una historia yake, nisiache kuutaja. M*A*S*H, ya madaktari wa kijeshi vitani Korea, ilianza 1972 na kicheko cha kubandika kwa kuwa kituo kilikitaka. Waliokitengeneza kipindi walishikilia kwamba chumba cha upasuaji kiachwe kimya. Uingereza walikirusha bila kicheko kabisa, na waliokiona kwa njia zote mbili husema ni kama vipindi viwili.)

Haya, hiyo sehemu ya kwanza. Kwa desturi, kituo cha Marekani kilikuwa kinalipia sehemu moja ya majaribio inayopigwa majira ya machipuko, wakubwa wanaiangalia, mwezi Mei wanatangaza wamechukua kipi, na sehemu ya pili inapigwa miezi kadhaa baadaye. Siku hizi vituo vingi vinaagiza msimu mzima moja kwa moja, lakini mzigo wa sehemu ya kwanza haujapungua. Ndani ya dakika 22 inapaswa kukwambia nani ni nani, nani kamuoa nani, fedha zinatoka wapi, na kwa nini watu hawa hawawezi tu kuhamia kwingine. Ndiyo maana utasikia mtu akimwambia dada yake wa damu, "Wewe kama dada yangu mkubwa uliyeachika mwaka jana..." Nani huongea hivyo? Anaongea na wewe mgeni, si na dada yake. Kila sentensi ya kukutambulisha imeziba nafasi ya sentensi ya kukuchekesha.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Kicheko kikubwa cha komedi ya nusu saa hakitoki kwenye utani, kinatoka kwenye kumjua mtu. Kwenye Vitimbi, Mama Kayai akivuta pumzi, ulijua mumewe Ojwang amekwisha. Mgeni wako kutoka Oregon angeona mama anavuta pumzi, basi. Kujua huko hakujengeki wiki ya kwanza, na waandishi wenyewe bado hawajajua. Wanaandika, wanaona mwigizaji huyu anachekesha zaidi akinyamaza, yule akikasirika, wanahama naye.

Mifano ipo. Sehemu ya kwanza ya Seinfeld ilirushwa Julai 1989 baada ya watazamaji wa majaribio kuiona dhaifu. NBC ikaagiza nyingine nne tu, na fedha zake zilitolewa kwenye bajeti ya vipindi maalumu. Elaine, ambaye leo huwezi kufikiria kipindi bila yeye, hakuwemo kabisa katika ile ya kwanza. The Big Bang Theory ilipiga sehemu ya majaribio ambayo haikurushwa, ikiwa na mwanamke mwingine, mkali, mahali alipokuja kukaa Penny, yule jirani. Wakabomoa, wakapiga upya. The Office ya Marekani ilianza kwa kuiga sehemu ya Uingereza karibu mstari kwa mstari, na msimu wake wa kwanza ulikuwa sehemu sita tu. Msimu wa pili waandishi walimlainisha bosi, wakampa upweke na moyo, na ndipo watu wakamkubali. Ikaenda hadi 2013.

Sitaki nikudanganye kwa mifano hiyo, kwa sababu ni ya walionusurika. Komedi nyingi zilizoanza vibaya ziliendelea vibaya, zikazikwa kimya kimya, na hakuna anayezitaja. Poppa's House ilianza kwenye CBS Oktoba 2024, mwezi mmoja na Georgie & Mandy, ikiwa na akina Wayans, familia ya wachekeshaji wenye majina makubwa; ikapewa msimu mmoja tu. Na nyingine huanza zikiwa zimeiva: Abbott Elementary, Desemba 2021, ilijua inachotaka tangu dakika ya kwanza, na walimu wa shule za umma wakajiona humo. Kwa hiyo mtu akikwambia "subiri, zote hutengemaa", usimwamini.

Hayo maoni ya watazamaji yaliyokuvuruga, yasome kama unavyosikiliza watu wanaotoka harusini. Mmoja chakula kilikwisha kabla hajafikiwa, mwingine ni shangazi wa bwana harusi. Wanaoandika usiku ule ule ndio wenye joto zaidi. Ukiyachambua ya Georgie & Mandy utakuta watu wa aina tatu hivi. Kuna waliokuwa wanaomboleza Young Sheldon na baba mzee George, aliyefariki mwishoni mwa kipindi kile, na walitaka ile hali iendelee. Hawa kicheko kiliwakera kama kilivyokukera wewe. Kuna wa tangu The Big Bang Theory, ambao waliposikia kicheko walijisikia wamerudi nyumbani. Wa tatu hawajui lolote kati ya hayo, waliwasha tu televisheni Alhamisi saa mbili usiku. Hata ile The Paper, kipindi kilichozaliwa na The Office, iliyotoka Septemba 2025 sehemu zote kumi kwa siku moja, ilipimwa kwanza kwa mizani ya The Office kabla ya kupimwa kwa mizani yake. Maoni yanayofaa ni ya yule anayeandika baada ya sehemu ya tano au ya sita, na anayetaja onyesho fulani. "Inachosha" haikusaidii chochote. "Jim, baba mkwe wa Georgie, akiwa dukani anachekesha, akiwa nyumbani ni mzigo," hilo linakusaidia.

Sasa Kiingereza. Kinachokukwamisha mara nyingi si maneno, ni habari za nyuma. Chukua jina lenyewe: ndoa ya *kwanza* ya Georgie na Mandy. Mmarekani anayewajua akina Cooper anacheka kabla kipindi hakijaanza, kwa sababu tangu The Big Bang Theory ilishadokezwa kwamba Georgie wa utu uzimani ana ndoa zilizovunjika nyuma yake. Jina linakuambia mapenzi haya matamu unayoyaona yana bomu chini ya sofa. Kila wanapobusiana kuna uchungu kidogo. Uliyasoma maneno yote ukayaelewa, na utani bado ukakupita, kwa kuwa haukuwa ndani ya maneno. Kwa upande mwingine, St. Denis Medical inapotania juu ya fomu, bima na zamu isiyo na watu wa kutosha, wewe unaijua habari hiyo kuliko mimi, na kuliko nusu ya watu wanaoitazama. Usiingie humo kama mgeni.

Jambo la maandishi ya chini ya skrini. Nadhani unayawasha, wengi wetu tunayawasha. Yana kasoro moja kubwa kwa vichekesho: sentensi inajitokeza nzima kabla mwigizaji hajaifikisha mwisho. Utani wa Kiingereza hupenda kuficha neno lake la kupasua mwishoni kabisa. Macho yako yanalifikia kwanza, mdomo wa mwigizaji unafuata, na mshtuko, ambao ndio kicheko chenyewe, umeshamwagika. Kisha unajilaumu kwamba huna ucheshi! Fanya hivi: angalia mara ya kwanza bila maandishi, ukubali kupotewa na sentensi mbili tatu. Ukipenda, rudia ukiwa nayo. Kwa kujifunza lugha yabaki. Kwa kucheka yazime.

Niendelee au niache, unauliza. Ningekuwa wewe, St. Denis Medical ningeendelea nayo, kwa sababu ya kazi yako, na kwa sababu mchezo wa macho ukishaunasa hauhitaji tena kufundishwa. Nisingerudi sehemu ya pili. Ningeruka hadi ya tano au ya sita, niwakute wameshazoeana, kisha kama nimewapenda nirudi mwanzo kuwaona walivyokuwa washamba. Wasafi wa fani watanishambulia kwa ushauri huu. Komedi za nusu saa zilijengwa kwa mtu anayeingia sebuleni katikati, zinavumilia.

Georgie & Mandy mimi binafsi naiona ni kazi safi ya mafundi, si kitu cha kukutoa roho. Msimu wake wa kwanza una sehemu 22, ambazo ni nyingi kwa mtu wa zamu. Jaribu sehemu mbili za mbele, hasa zile ambapo Georgie yuko na baba mkwe kwenye duka la matairi. Nilipoanza kucheka mimi ni pale, si nyumbani. Ikikuuma kichwa bado, iache bila kuomba msamaha. Wako Wamarekani wengi ambao hawawezi kuvumilia kicheko cha hadhira, na hakuna anayewauliza kama Kiingereza chao kimekamilika.

Kuna sehemu mbili ambazo mimi wa kuandika siwezi kukusaidia, itabidi uonane na mtu uso kwa uso. Ikiwa hata kazini, bila televisheni, maneno ya haraka yanakupita, wazee unaowatunza wanarudia rudia, au unaona unaongeza sauti ya rimoti kila mwezi, kapime masikio kwanza, kisha uulize maktaba ya umma iliyo karibu nawe. Nyingi huwa na vikundi vya bure vya mazungumzo ya Kiingereza, na huko utakutana na watu wanaocheka kwa kuchelewa kama wewe. La pili ni nyeti zaidi. Jiulize: klipu kutoka nyumbani, zile za kundi la familia, bado zinakuangusha kwa kicheko? Kama ndiyo, uko salama, ni vipindi tu. Kama nazo zimenyamaza, na usingizi umepungua, na wiki zinapita hivyo, basi hilo si suala la mwandishi wa skripti. Mwone daktari wako umweleze kama ulivyonieleza mimi. Miaka miwili mbali na nyumbani, kwa zamu za usiku, imewachosha wengi wenye nguvu.

Na kuhusu wenzako wa mapumziko, huna haja ya kuangalia misimu yote ili uwe na la kusema. Chagua mmoja, yule mpole zaidi, mwambie umeona sehemu ya kwanza tu na haikukuchekesha, umuulize yeye alicheka wapi. Ataanza kukusimulia, atashindwa kumaliza kwa kicheko, na utajua sehemu gani ya kuweka ukifika nyumbani.